Ubani na Jeraha

Wako wengi wasioujua mti wa ubani kwa macho, lakini ni wachache wasioujua ubani kwa pua. Katika mwambao wetu wa Kenya, tangu Vanga hata Lamu, chetezo chenye kaa la moto na chembe mbili tatu za ubani si chombo kigeni nyumbani. Hufukizwa arusini, hufukizwa katika maulidi, hufukizwa nguo zilizofuliwa na chumba cha mzazi aliyejifungua. Mtu akifiwa, hata ile fedha wampelekeayo majirani ili imfae katika matanga huitwa ubani. Bara nako, ambako chetezo cha nyumbani si desturi, waumini wa makanisa kadhaa huujua kwa jina la uvumba, nao wamesoma katika Injili ya Mathayo kwamba Mamajusi waliutoa pamoja na dhahabu na manemane. Kitu hiki kimo katika furaha yetu na kimo katika msiba wetu. Ni ajabu kwamba twakijua sana moshi wake, na mahali utokako hatupajui.

Nataka kuuliza swali moja juu yake. Lakini kabla ya swali yafaa msomaji auone mti.

Mti wenyewe si mkubwa. Katika jimbo la Dhofar, kusini ya Oman, na katika nchi kavu za Yemen na milima ya kaskazini ya Somalia iliyo karibu na bahari, huonekana kama kichaka kuliko kuonekana kama mti. Mara nyingi hauna shina moja lililosimama, bali hugawanyika karibu na ardhi, na kimo chake ni tangu mita 2 hata mita 8. Ganda lake hubambuka kama karatasi nyembamba. Majani yake madogo madogo hukusanyika kwenye ncha za matawi, na ukame uzidipo huyapukutisha yote ukabaki mtupu, hata mgeni akadhani umekufa. Pengine huota juu ya mwamba usio na udongo wowote. Hapo tako la shina huvimba likashikamana na jiwe, ili dhoruba isiung'oe.

Upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka Mombasa kurudi Arabuni, huleta ukungu na manyunyu katika milima ya Dhofar ielekeayo bahari tangu mwezi wa Juni hata Septemba, na milima hiyo ikageuka chanikiwiti. Mtu angedhani kwamba mti wa ubani ungechagua kukaa hapo penye neema. Sivyo. Ubani usifiwao zaidi hutoka nyuma ya milima hiyo, katika mabonde ya mawe ambako manyunyu hayafiki. Huu ni mti wa mahali ambapo miti mingine imeshindwa.

Upatapo miaka 8 au 10 huhesabiwa kuwa umekomaa. Ndipo mvunaji huja na chombo kifupi chenye makali mapana, mfano wa patasi, akabandua kipande kidogo cha ganda. Papo hapo matone meupe hutokeza kwenye jeraha. Jina la Kiarabu la ubani, yaani luban, ni la asili moja na laban, neno la maziwa. Na aliyeyaona matone hayo hatauliza kwa nini. Sisi tumelipokea jina hilo tukalilainisha kwa ndimi zetu. Matone huachwa yakauke na kuwa magumu. Baada ya majuma kama mawili mvunaji hurudi. Utomvu wa kwanza si bora. Hukwanguliwa ukatupwa, au ukauzwa kwa bei duni. Hukata tena mahali pale pale, akaenda zake, akarudi. Utomvu wa mara ya pili na ya tatu ndio safi, na huo ndio utafutwao. Katika biashara ya dunia punje hizo huitwa machozi.

Wanenaji hawakukosa kuona mfano katika jambo hili. Husemwa kwamba mtu mwema ni kama mti wa ubani, ambao hujibu jeraha kwa manukato. Husemwa vivyo hivyo juu ya msandali, kwamba hulitia harufu nzuri shoka lile lile liukatalo. Ni maneno matamu, na utamu wake ndio ulionidanganya. Mimi nami niliyasema.

Nilikuwa mwalimu kijana, sina hata miaka mitatu kazini. Katika shule niliyofundisha wakati huo alikuwako msichana wa kidato cha tatu aliyekaa kwa jamaa zake. Aliamka saa kumi za alfajiri akateka maji, akawasha moto, akawaandaa watoto wa nyumba ile kwenda shule, kisha naye akaja shuleni kwa miguu. Jioni alirudi akakuta kazi zikimngoja. Alisoma usiku wakati wengine wamelala, naye alikuwa wa kwanza darasani. Sisi walimu tulizijua habari hizo. Tulizizungumza katika chumba chetu kwa mshangao, na nakiri kwamba tulizizungumza kwa fahari, kana kwamba taabu yake ilikuwa sifa ya shule yetu. Siku ya kuwatunza wanafunzi waliofaulu ilipofika, nikapewa zamu ya kusema. Nikaeleza habari za mti wa ubani: jinsi uotavyo katika mawe, jinsi ukatwavyo, na jinsi usivyomlipa mkataji ila manukato. Kisha nikamwita yule msichana asimame. Watu wakapiga makofi. Mama mwenye nyumba ile alikuwapo, naye alipiga makofi kuliko wote.

Baada ya sherehe msichana alinijia, akanishukuru kwa adabu, kisha akauliza, “Mwalimu, na ule mti usiokatwa, hautoi kitu?”

Nikamjibu upesi kwamba hautoi kitu. Akasema, “Haya, Mwalimu,” akaondoka, maana ilikuwa karibu na saa ya kuteka maji.

Mwaka uliofuata alianza kusinzia darasani. Wengine katika sisi tulisema kwamba sifa zimemlevya. Muhula wa pili hakurudi.

Swali langu, basi, ni hili: Je, ni haki kumsifu mtu kwa wema utokao katika jeraha lake, bila ya kuuliza habari za jeraha lenyewe? Swali hili lina ndugu yake, nalo ni gumu zaidi: Je, aliyejeruhiwa akatoa kitu chema, ametoa, au amenyang'anywa?

Nianze na mti, maana mti ndio nilioutumia vibaya. Kwa nini hutoa utomvu? Si kwa ajili ya chetezo. Mti huu ulikuwa ukitoa utomvu kabla ya mwanadamu kujua kupika moto. Ganda likipasuka, kwa tawi kuvunjika au kwa mdudu kutoboa, utomvu hutiririka kutoka katika vijia vilivyomo ndani ya ganda, ukaziba ufa, ukawazuia wadudu na viini vya maradhi, kisha ukakauka kama kigaga kikaukavyo juu ya goti la mtoto. Hiyo ni dawa yake yenyewe. Mvunaji hurudi baada ya majuma mawili akaikwangua dawa hiyo, akalifungua tena jeraha lililokuwa linapona. Silisemi hili kwa kumlaumu. Ndiyo kazi yake, na mimi hununua alichovuna. Nasema tu kwamba mti haumjibu mkataji kwa manukato. Haumjibu kitu. Unajitibu, na matibabu yake yanukia.

Wazee wetu walisema, “Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.” Sisi walimu huitumia methali hii kuwafundisha watoto ukarimu, na hatusimami kuitazama vizuri. Ikiwa kutoa ni moyo, basi pale ambapo moyo haukuulizwa hapakuwa na kutoa. Kitu kimehama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, lakini jina la kuhama huko si ukarimu. Mwizi naye huhamisha. Yule msichana aliteka maji kila alfajiri. Hapana mtu aliyepata kumwuliza kama angependa kuteka, wala hakuwa na mahali pa kusimama akasema hapana. Sisi tuliyaita hayo uvumilivu, tukayaita utiifu, tukayaita moyo wa kujitolea. Majina yote hayo ni mazuri, na yote humpendeza yule anywaye maji.

Sasa nirudi kwenye swali lake, kwa kuwa nilimjibu uongo. Sikukusudia, lakini ulikuwa uongo. Miaka michache baadaye nilisoma habari za uchunguzi uliofanywa nchini Eritrea na kutangazwa mwaka 2006, juu ya ndugu wa mti huu, aina iitwayo Boswellia papyrifera, ambayo nayo hutoa ubani. Wataalamu waliilinganisha miti iliyokatwa na miti ambayo haikukatwa. Miti iliyokatwa ilitoa maua machache, na matunda machache, na mbegu chache. Kisha wakazipanda mbegu. Katika kila mbegu 100 za miti isiyokatwa, zaidi ya 80 ziliota. Za miti iliyokatwa sana ziliota kama 16 tu. Sababu yake si ya kuajabia. Chakula cha mti ni kimoja. Kikiitwa kila mara kwenda kuziba jeraha, hakibaki cha kutosha kwenda katika mbegu.

Kumbe mti usiokatwa hutoa. Hutoa miti. Sisi hatuioni zawadi hiyo kwa kuwa haina harufu, haiingii chetezoni, na haiuzwi kwa mizani. Tulikuwa tukilisifu tone, na huku hatujui kwamba tone limelipiwa kwa mche ambao hautaota. Mwaka 2019 wataalamu wakatangaza tena kwamba katika Ethiopia, Eritrea na Sudan iko misitu mingi ya mti huo ambayo kwa miaka mingi haikuwa na miti michanga hata kidogo: ni wazee watupu waliosimama, wakitoa manukato, bila ya mtoto mmoja chini yao. Walikisia kwamba mazao ya ubani wa aina hiyo yatapungua kwa nusu katika muda wa miaka 20. Kukata si sababu pekee; mifugo huila miche, moto huiunguza, na wadudu hutoboa mashina. Lakini mtu apitaye katika msitu kama huo hatazamii balaa. Pananukia vizuri.

Hapa msomaji kijana aweza kunishika. Atasema: Mwalimu, je, watu waache kuvuna ubani? Na wazazi waache kuwatuma watoto? Na wewe je, uache kutupa kazi ngumu za hesabu? Mti usioguswa hauna faida kwa mtu, na mtoto asiyeguswa na taabu yoyote huwa mzigo kwake mwenyewe na kwa jamaa zake.

Nakubali sehemu kubwa ya maneno hayo. Sijasema kwamba kila mkato ni dhuluma. Tazama mkulima wa kahawa katika Murang'a au Nyeri. Kila mwaka huingia shambani na makasi, akaikata miti yake, na aliyemwona bila ya kujua kilimo angelia. Lakini mkulima hupogoa ili mti uzae. Huondoa tawi lililochoka ili tawi jipya lipate jua na chakula. Nguvu za mti zarudi katika mti. Kazi ngumu za hesabu ni za namna hii, ikiwa mwalimu anajua aifanyalo. Jasho limtokalo mwanafunzi laingia tena ndani yake, akaondoka darasani na kitu ambacho hakuwa nacho. Mtoto apewaye mbuzi wachache wa kuchunga, akafundishwa kuwajua na kuwatibu, amekatwa mkato wa mkulima wa kahawa. Lakini uko mkato mwingine ambao hakuna kirudicho kwa aliyekatwa ila kovu, nao ndio ule niliousifu mbele ya watu. Mikato hii miwili yafanana kwa mbali. Makali ni yale yale, na mara nyingi hata maneno ayasemayo mwenye kukata ni yale yale: “Ni kwa faida yako.” Nijuavyo mimi, hakuna njia nyepesi ya kuitenganisha. Huna budi kuungoja msimu wa pili, ukatazame kama pana chipukizi.

Na hata ule mkato wa kuvuna una heshima yake, endapo una kiasi. Wavunaji wa zamani hawakuwa wajinga. Katika nchi hizo za ubani jamaa walirithishana miti yao, na mtu aliyerithi mti kwa babaye, akitumaini kumrithisha mwanawe, hakuukata kama mpita njia. Aliujua umri wake, aliupa majeraha machache kwa kadiri ya ukubwa wake, na baada ya misimu kadhaa aliuacha upumzike. Kaskazini ya nchi yetu wenyewe, katika nyika za Isiolo, Samburu, Marsabit na Wajir, iko miti ya ukoo huo huo, na huko wachungaji na kina mama aghalabu huokota utomvu uliotoka wenyewe, bila ya kuutia mti kisu. Wao huupokea ule ambao mti umeumwaga kwa sababu zake. Mapato yake ni madogo.

Nini, basi, huondoa kiasi? Jibu la kwanza lijalo mdomoni ni tamaa, na ni kweli, lakini si kweli nzima. Mrumi mmoja aitwaye Pliny, aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba zamani ubani ulivunwa mara moja tu kwa mwaka, lakini katika siku zake biashara ilikuwa imeleta mavuno ya pili. Mwombaji wa Roma, atupaye chembe zake motoni mbele ya sanamu, hakuujua mti wala hakumjua mvunaji. Hakumtakia mtu ubaya. Alitaka tu moshi mzito kidogo kuliko wa jirani. Na kwa sababu hiyo, maili nyingi ng'ambo ya jangwa na bahari, ganda lilifunguliwa mara ya pili.

Pliny huyo amesimulia pia kisa cha Alexander Mkuu alipokuwa mtoto. Alikuwa akiumwaga ubani motoni kwa konzi, na mwalimu wake, Leonidas, akamkemea: ngoja hata utakapoishinda nchi itoayo ubani, ndipo uuchome hivyo. Alexander alipokuwa mtawala mwenye nguvu alimpelekea mwalimu yule shehena ya ubani, aitumikie miungu bila ya kubania. Watu hukicheka kisa hiki. Mimi humhurumia mwalimu mwenzangu. Yeye alifundisha kiasi, na mwanafunzi akasikia ushindi. Maneno ya mwalimu yakishatoka hayajui yaendako.

Siku hizi mavuno ya pili yamekuwa mengi. Mafuta ya ubani yatakiwa na watengenezaji wa manukato na wa vipodozi katika Ulaya na Marekani, na katika milima ya kaskazini ya Somalia miti mingi imetiwa majeraha kupita kadiri, wala haipumzishwi. Ni rahisi kumnyoshea kidole mvunaji. Lakini mvunaji yule ana watoto, naye aghalabu amekwisha kula kwa mkopo wa mfanya biashara kabla ya msimu kuanza. Bei haipangi yeye. Katika fedha zilipwazo na mnunuzi wa mwisho dukani, kinachomfikia yeye ni kidogo sana. Akiupumzisha mti mwaka mmoja, deni lake halipumziki. Yeye naye amekatwa pale pale palipokatwa mwaka jana, na akatoacho ndicho kinachompa mkataji wake haja ya kurudi. Nilipolifahamu jambo hili nilimkumbuka yule mama aliyepiga makofi. Sikupata kuuliza ni nani aliyekuwa akimwamsha yeye, na saa ngapi, na kwa ajili ya maji ya nani. Nilikuwa tayari kumhukumu, kama nilivyokuwa tayari kumsifu msichana, na katika mambo yote mawili sikuwa nimefika hata mlangoni kwao.

Naona kwamba hapo ndipo penye kosa la kweli. Sifa ni kitu cha bei rahisi. Twamsifu mjane alimaye shamba peke yake, na shamba halipungui. Twamsifu mwenzetu asiyelalamika, kisha twamwongezea kazi kwa kuwa halalamiki. Twamwambia mwenye njaa, “Subira yavuta heri,” na hatuangalii heri imevutwa kwenda upande gani. Sisemi kwamba subira si kitu. Subira ni kitu kikubwa mno, na mwenye kuwa nayo amestahili heshima. Lakini ni mali ya yule aliyevumilia. Ni dawa aliyoitengeneza mwenyewe ya kuliziba jeraha lake. Yeye aweza kusema, “Taabu ile ilinifunza.” Mimi niliyeisababisha, au niliyeitazama nikanyamaza, sina ruhusa ya kumsemea. Maneno yale yale katika kinywa chake ni ushujaa, na katika kinywa changu ni utetezi wa kisu.

Baadhi ya walimu wenzangu hawakubaliani nami. Mmoja aliniambia kwamba nikiwaondolea wanafunzi mifano ya uvumilivu nitawaachia nini siku ya dhiki, maana dhiki itakuja, na haitauliza kama ni ya haki. Nilifikiri sana juu ya neno lake, na bado nalifikiri. Kweli, yako majeraha yasiyo na mkataji. Ukame hauna mwenye kulaumiwa kila mara, wala ugonjwa, wala kifo. Mtu aliyepatwa na hayo, akatoa katika maumivu yake utu na upole, namsifu bila ya kusita, na hapo mfano wa mti wafaa. Mti wa ubani ulipouchagua mwamba haukutumwa na mtu. Ninalolikataa ni kuuchukua mfano wa jua na mawe nikaufanya hoja ya kisu. Jua halingeweza kufanya vinginevyo. Sisi twaweza.

Shule niliyo nayo sasa ni nyingine. Mwaka juzi alikuwako mvulana wa kidato cha pili aliyekuwa akifika darasani na mikono iliyonuka mafuta ya taa, kwa sababu alikuwa akiuza duka la ami yake hata usiku wa manane. Alama zake zilikuwa nzuri. Walimu walianza kumzungumza, na mmoja akapendekeza ataje jina lake siku ya wazazi. Nikaomba ningojewe. Jumamosi nilikwenda dukani. Ami yake alikuwa mtu wa makamo, mguu wake mmoja mgonjwa, na duka lile lilikuwa ndilo chakula cha watu tisa. Alinikaribisha kiti. Tulikaa muda mrefu, tukazungumza habari za bei ya sukari na habari za mguu, kabla ya kufika kwenye habari za mtoto. Hakukasirika. Aliniambia kwamba hakujua kuwa kidato cha pili kina mitihani ya namna ile, na kwamba yeye mwenyewe aliacha shule darasa la tano. Tukapatana kwamba duka lifungwe saa tatu za usiku siku za shule, na kwamba binamu yake mkubwa, aliyekuwa akishinda barazani, ashike zamu za Ijumaa na Jumamosi.

Saa tatu badala ya saa sita. Si kitu cha kutungia hotuba, na siku ya wazazi jina lake halikutajwa. Alama zake hazikupanda wala hazikushuka. Ila Septemba alijiunga na wenziwe wachezao mpira jioni, jambo ambalo sikumwona akilifanya tangu aje, naye ni mchezaji hafifu sana.